Chungu cha Majina na Bwawa la Uthiramerur

Kila ninapoitaja Uthiramerur hujitokeza mtu wa kunieleza kwamba demokrasia ilizaliwa pale. Si kweli. Hiki ni kijiji cha Tamil Nadu, karibu na Kanchipuram, ambacho wafalme wa Pallava waliwapa Wabrahmini katika karne ya 8. Maandishi ya mwaka 919 na 921, enzi za Parantaka wa Kwanza wa ukoo wa Chola, yamechongwa ukutani mwa ukumbi wa baraza. Yanaeleza jinsi wajumbe wa kamati za kijiji walivyoteuliwa. Mitaa ilikuwa 30. Majina ya wagombea wa kila mtaa yaliandikwa kwenye vipande vya majani ya mvumo, yakatiwa chunguni, kisha mtoto wa kiume akachomoa moja. Hiyo ni bahati nasibu. Na jina halikuingia chunguni bila shamba, nyumba, elimu ya Veda na umri wa kati ya miaka 35 na 70. Wanawake hawakuhusika, wala wale walioinama mashambani kupanda mpunga.

Sharti moja nalivulia kofia: aliyewahi kukaa kwenye kamati asitoe hesabu alizuiwa, yeye na jamaa zake.

Nilikusudia kumaliza historia ndipo niingie kwenye jiografia, lakini mojawapo ya kamati hizo ilikuwa ya bwawa, na bwawa ndilo kijiji chenyewe. Milima ya Ghats ya Magharibi huinyima nchi hii sehemu kubwa ya mvua za kusi. Tegemeo ni kaskazi, pepo zilezile zilizoleta majahazi pwani yetu; huku hufika zimelowa baada ya kuvuka Ghuba ya Bengal, zikamwaga mvua kubwa kati ya Oktoba na Desemba. Ardhi inateremka polepole kuelekea mashariki. Basi hujengwa tuta la udongo lililopinda kama mwezi mwandamo, likikinga mteremko, na upande wa juu huachwa wazi upokee maji. Chini ya tuta kuna mlango wa kuyatoa kwenda mashambani. Yanayozidi hupitia kando hadi bwawa la kijiji cha chini. Tope likiachwa, bwawa hufa. Ndiyo maana watu waliweka wakfu wa kuzoa tope hilo.

Afisa wa Kiingereza nchini India, Charles Metcalfe, aliandika mwaka 1830 kwamba vijiji vya India ni vijamhuri vinavyojitosheleza, na upuuzi huo unakaririwa hadi leo. Kijiji kinachopokea maji yaliyomzidi jirani hakijitoshelezi. Ukifika Uthiramerur, usiishie ukutani. Panda tutani, bwawa bado lipo.