Maji ya Mlima Kenya ni ya nani? Uzi kabla ya mkutano mwingine

Kila msimu wa siasa huku Meru na Embu lazima mtu ashike maiki aseme, "Maji ya mlima ni yetu, wa chini watulipe." Watu wanapiga makofi. Mimi naomba tuangalie ramani kwanza, halafu tubishane vizuri.

Mlima ni mmoja lakini maji yake yanaenda pande mbili. Rupingazi na Thuchi za Embu, pamoja na Kathita ya Meru mjini, zote zinaishia Tana, na Tana inaingia Bahari Hindi bila kutoka Kenya.

Sasa geuka upande wa Timau. Bado uko Meru, ama? Lakini hapo maji yanashuka kaskazini kwenda Ewaso Ng'iro, yanapita Archers Post na Merti, yanapotelea kwenye kinamasi cha Lorian. Mvua ikizidi sana yanavuka Lorian na kufuata Lagh Dera mpaka Somalia, kuelekea mto Juba. Miaka mingi hayafiki. Ila chini ya ardhi kuna hazina ya maji ya Merti, na hiyo inavuka mpaka hata wakati juu ni vumbi. Visima vya kambi za wakimbizi za Dadaab vinaitegemea.

Na sheria? Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imeipa serikali ya kitaifa rasilimali za maji na maji ya kimataifa. Kaunti zina huduma za maji na usafi. Kibali cha kuchota mtoni hutolewa na Mamlaka ya Rasilimali za Maji, si gavana. Kwa hivyo anayeahidi "kuwafungia" wa chini anaahidi kitu ambacho hana mkononi.

Wa juu wana hoja pia, tusijifanye. Ukiambiwa usilime kando ya mto, ni haki kuuliza unapata nini.

Lakini kinachouma ni kiangazi. Timau kuna mashamba makubwa ya maua na mboga, na wakulima wadogo wenye mipira yao. Kila mtu akivuta, mfugaji wa Merti anakuta mchanga, anapandisha ng'ombe juu kutafuta maji, vurugu inaanza. Sisi tunaiita ukabila.

Sheria ya Maji ya 2016 inataka kiasi fulani kiachwe mtoni kwa mahitaji ya msingi ya watu na viumbe. Mwenye maiki akirudi, muulize hilo tu: Februari, Timau ikishachota, Archers Post kunabaki nini?