Mzabibu wa Dodoma haujui baridi ya Trento

Zuzu ni kata ya Jiji la Dodoma iliyo upande wa magharibi. Watu wa mbali wanaijua kwa kituo kikubwa cha TANESCO cha kupozea umeme, na kwa stesheni ya reli ya kati unayoikuta kabla ya Kigwe na Bahi ukielekea Tabora. Ardhi yake ni ya Ugogo hasa: kichanga, jua kali, mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, nayo karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Mkulima wa mahindi huku anacheza bahati nasibu. Mtama na uwele vinavumilia, na mzabibu ukishazamisha mizizi unavumilia kuliko vyote.

Mzabibu huo uliingia kwa mlango wa kanisa. Misheni ya Bihawana, isiyo mbali na Zuzu, ilikuwa ya mapadri wa Shirika la Mateso kutoka Italia. Katika miaka ya 1950 walipanda mizabibu, na padri anapopanda mzabibu jambo la kwanza analowaza ni divai ya misa. Biashara ilikuja baadaye. Gereza la Isanga likalima, wanakijiji wakaiga, na kiwanda cha umma cha DOWICO kikawa kinanunua mavuno hadi kilipodorora.

Waitaliano wakarudi mara ya pili mwanzoni mwa miaka ya 2000, safari hii bila kanzu. Kampuni ya CETAWICO ilijenga kiwanda Hombolo, na pamoja na aina zilizozoeleka Dodoma ikaleta zabibu nyekundu za kwao: Teroldego, Marzemino na Aglianico. Mbili za kwanza hulimwa sana Trentino, jimbo la milima kaskazini mwa Italia. Teroldego ina uwanda wake kabisa, Campo Rotaliano, eneo la changarawe lililoachwa na mito Adige na Noce. Aglianico ni ya kusini, kwenye miteremko ya Vulture, mlima wa volkano uliozimika, na huko Taurasi.

Sasa fikiria mmea wa Trentino unapotua Dodoma. Kwao, majira ya baridi huupukutisha majani na kuulaza miezi kadhaa. Hausumbuliwi na mtu. Machi joto likirudi, mkato wa tawi hutoa maji, macho yanachanua, na kufikia Septemba zabibu zimeiva. Mavuno ni mara moja kwa mwaka, basi.

Dodoma, mita kama 1,100 juu ya usawa wa bahari lakini karibu na ikweta, hakuna baridi ya kuulaza mmea. Anayeuamsha ni mkulima, kwa mkasi. Anapita mstari kwa mstari kati ya nguzo na waya, anakata matawi ya msimu uliopita hadi kubaki vishina vifupi vyenye macho mawili matatu, anakwangua majani yote chini. Shamba linabaki kama limeungua. Saa chache baadaye kila mkato unadondosha maji safi, tone baada ya tone, na haipiti muda macho yanavimba na kupasuka. Miezi minne hivi tangu siku ya kupogoa, vichala viko tayari. Ndiyo maana Dodoma inavuna mara mbili: kuanzia Februari au Machi, halafu tena Agosti na Septemba.

Wageni husikia mavuno mawili wakadhani ni utajiri maradufu. Mkulima anajua zaidi. Mavuno ya masika yanaiva mvua ikinyesha: tunda linajaa maji, sukari inapungua, ubwiri unga na ubwiri vinyoya vinashambulia, na kila baada ya manyunyu inabidi kupiga dawa upya. Mavuno ya Agosti ndiyo yenye mvinyo wa maana. Usiku wa Juni na Julai una baridi, anga ni kavu, tunda linaiva taratibu na kubaki na uchachu wake. Ila msimu huo unadai maji ya kumwagilia, na kisima na mabomba ya matone si vitu vya kila kaya.

Aglianico kwao huvunwa Oktoba hadi Novemba, miongoni mwa zabibu za mwisho kabisa Italia, kwa sababu ukakasi wake unahitaji muda mrefu kulainika. Kuipa miezi minne ya jua la Dodoma na kutarajia Taurasi ni kujidanganya. Ninavyoona mimi, heshima ya mvinyo mwekundu wa Dodoma haitaletwa na majina hayo ya Kitaliano. Italetwa na Makutupora nyekundu, zabibu iliyopewa jina la Makutupora ya barabara ya Arusha, kilipo kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI (si ile ya Manyoni inayotajwa kwenye habari za reli ya SGR). Imezoea udongo huu, na mkulima wa kawaida anaimudu.

Cha kuiga Italia ni utaratibu. Mwaka 1971 Teroldego ya Campo Rotaliano iliwekewa kanuni za kisheria: chupa isiyotoka kwenye uwanda ule haiandikwi jina lile. Chuo cha kilimo cha San Michele all'Adige, jirani na hapo, kimefundisha wakulima tangu 1874. Kwetu neno Dodoma kwenye lebo halikuambii kama zabibu zilitoka Zuzu, Mpunguzi, Chinangali au Hombolo, zilivunwa masika au kiangazi, wala kama ndani mna mchuzi wa zabibu ulioagizwa nje na kuongezwa sukari. Sukari yenyewe ni tatizo letu wanywaji. Tumezoea waini tamu kama soda, kiwanda kinatupa tunachotaka, na mtu akishakunywa sukari hawezi kujua zabibu ilikuwa nzuri au mbovu.

Matokeo anayaona mkulima. Kama ladha ya zabibu haina kazi, mnunuzi hana sababu ya kulipia iliyo bora, na mwaka ambao viwanda vimejaza matangi, vichala vinauzwa kwa ndoo kando ya barabara kwa bei ya kutupa, maana zabibu ya mvinyo haingoji wiki mbili. Tangu Dodoma itangazwe jiji mwaka 2018 viwanja vimepanda bei hata pembezoni. Shamba lisilolipa linapimwa, linauzwa, linajengwa nyumba.

Wenye viwanda waandike kwenye lebo kata, aina ya zabibu na mwezi wa kuvuna. Na wewe msomaji, ukiagiza mvinyo mwekundu wa Dodoma mwisho wa wiki hii, agiza mkavu, na umuulize muuzaji zabibu zake zimetoka wapi.