Kima wa Karura Hawana Njaa

"Daktari, Jumapili tunaenda Karura. Tuwabebee kima tunda gani?" Nimeulizwa tena wiki hii, na aliyeuliza alitaka tu kujua kama ndizi inashinda embe. Usiwabebee chochote. Hata ganda la chungwa usiwaachie.

Wengi wanaamini wanyama hawa wana njaa kwa kuwa msitu wa Karura umezungushiwa ua wa umeme ndani ya jiji la Nairobi. Lakini Karura ina hekta zipatazo 1,000. Kima hula matunda mwitu, majani machanga, maua na wadudu, na ua haumzuii anayepita juu kwa matawi. Wakazi wa Muthaiga na Gigiri wanaomkuta jikoni wanalijua hilo.

Linaloniudhi zaidi ni dai kwamba tunda ni tunda, haliwezi kumdhuru. Ndizi ya sokoni ilichaguliwa na wakulima vizazi na vizazi kwa ajili ya utamu: sukari tele, nyuzinyuzi chache. Tunda la msituni humfanyisha kima kazi. Hujaza vifuko vya mashavuni, huhamia mti mwingine, hutafuna taratibu, na mbegu huziacha mbali na mti mama. Kima anayeshinda getini akingoja mikoba hapandi mti hata mmoja.

Kwa mbega wa msitu huu, tunda hilo la sokoni ni hatari zaidi. Chakula chake hasa ni majani, na tumbo lake lina vyumba kama la ng'ombe, ambamo bakteria huyachachusha polepole. Mtilie sukari nyingi na uchachu hupanda ghafla, asidi huwaua bakteria wale wale wanaomwezesha kuishi, tumbo huvimba. Anaweza kufa. Na mbega hawa walihamishiwa Karura kutoka eneo la Kipipiri kwa jasho jingi.

Tena mtazame kima aliyezoea kulishwa. Hakuangalii usoni, anaangalia mkono wako, na zipu ikilia tu huyo ameshuka. Mtoto aliyemng'ang'ania tumboni anaona yote. Akinyimwa hupora, akizuiwa huuma, na anayeumwa huwa mtoto wa mtu ambaye hajawahi kumpa kitu. Hapo ndipo watu huanza kudai kima waondolewe. Mwaka 1999 mwanamazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa hadi kutoka damu wakipinga msitu huu kugawiwa wajenzi. Wanyama wake wanastahili kuachwa wawe wa porini.

Basi: chakula kaa nacho ndani ya mkoba uliofungwa, ule kwenye sehemu zilizotengwa kwa mandari, masalio urudi nayo nyumbani. Plastiki za kutumika mara moja acha nyumbani. Zimepigwa marufuku katika hifadhi tangu Juni 2020. Mbwa abaki kwenye kamba. Kima akikukaribia usimkodolee macho wala usimchekee, maana meno nje kwake ni vitisho. Akinyakua kitu, mwachie. Akikuuma au kukukwaruza, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, usipake mafuta ya taa wala tumbaku, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo uulizie chanjo ya kichaa cha mbwa na ya pepopunda.