Tusiuze maua tukakosa korosho: Mzazi na fedha ya msimu

 

NDUGU Waislamu, katika safari yetu moja ya daawa katika wilaya za Nachingwea na Ruangwa, mkoani Lindi, mzee mmoja alitusubiri baada ya sala ya Ijumaa hadi watu walipotawanyika. Akatuvuta kando, tukakaa chini ya mwembe nyuma ya msikiti, kisha akasema: “Sheikh, mikorosho yangu imechanua vizuri mwaka huu, lakini maua yale si yangu tena. Fedha yake nimekwisha kuila. Je, nina dhambi?”

Tukamuuliza fedha ile ilifanya kazi gani. Akajibu kwa sauti ya chini kwamba ilimtoa mwali. Binti yake alichezwa katikati ya mwaka. Fedha yote ya ufuta iliingia katika ngoma, vyakula na kanga, nayo haikutosha. Ndipo alipokwenda kwa mfanyabiashara akapewa shilingi 100,000, naye akamhesabia mikorosho 10 shambani: mavuno ya miti ile yote yatakuwa ya mwenye fedha. Sasa mwanawe wa kiume yuko darasa la saba na Januari, akijaaliwa kufaulu, atahitaji sare, viatu, madaftari na godoro la bweni. Mzee hajui vitatoka wapi.

Hatukumjibu haraka, kwa sababu swali lake si la mtu mmoja. Ni swali la maelfu ya wazazi wa Kusini, na wa kila mahali ambapo fedha huingia kwa msimu na kutoka kwa siku chache. Leo tunapenda tulijadili pamoja nanyi, wazazi wenzetu.

Hesabu ya mikorosho 10

Tuanze na hesabu. Tuseme mikorosho ile 10 ikitunzwa hutoa kilo 100. Msimu wa mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe, bei iliyotangazwa ilikuwa shilingi 3,300 kwa kilo. Bei za mnada hupanda na kushuka, basi tuchukue shilingi 3,000 tu. Kilo 100 zingempa mzee wetu shilingi 300,000 kabla ya makato. Yeye amepokea 100,000. Kwa hiyo sherehe ile haikumgharimu alichokitoa mfukoni peke yake, bali pia shilingi 200,000 ambazo hakuziona wala hatoziona. Hizo ndizo sare, hizo ndizo viatu, hilo ndilo godoro.

Biashara ya kununua korosho kwa kificho na kwa bei ya kutupa, nje ya chama cha msingi na mnada, inaitwa kangomba, na Serikali imeipiga marufuku. Lakini marufuku haimfikii mtu aliyebanwa usiku na shida. Mwenye njaa hangoji mnada. Dawa ya kwanza ya kangomba, kwa hiyo, ni mzazi asifike katika mbano ule.

Sheria inasemaje?

Tulimweleza mzee mambo mawili. La kwanza, Mtume (S.A.W.) amekataza kuuza matunda yakiwa bado mtini kabla haijadhihirika kuwa yamesalimika. Hekima yake iko wazi kwa mkulima yeyote wa Nachingwea: ubwiriubwiri ukiingia katika maua, au mvua ikinyesha wakati usio wake, mmoja atakuwa amekula mali ya mwenziwe bila ya kumpa kitu. Mkataba wa miti 10 iliyohesabiwa ingali na maua haukusimama. Anachodaiwa mzee ni kurejesha shilingi 100,000 alizopokea, si mavuno.

Hii haina maana kwamba kila malipo ya mbele ni haramu. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipana mapema kwa tende za mwaka mmoja na miwili, naye akaridhia kwa sharti kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Hiyo ndiyo biashara ya salam. Bei hulipwa yote papo hapo, na muuzaji huwa na deni la mazao yenye sifa zilizotajwa, si la mti huu au ule. Ama kuweka mikorosho rehani, kisha mkopeshaji akala mavuno kila msimu na deni likabaki pale pale, wanazuoni wengi wamelihesabu hilo kuwa ni riba iliyovishwa kanzu.

La pili ni zito zaidi. Matumizi ya mzazi yana daraja. Faradhi hutangulia sunna, na sunna hutangulia mila. Chakula, mavazi, makazi, matibabu na malezi ya mtoto ni haki yake juu yetu. Sherehe si haki yake. Katika Suratul Furqaan, aya ya 67, Mwenyezi Mungu amewasifu waja Wake ambao wanapotoa hawapiti kiasi wala hawafanyi ubakhili, bali husimama katikati. Na alipougua Sahaba Saad bin Abi Waqqas (R.A.) akataka kuitoa sadaka sehemu kubwa ya mali yake, Mtume (S.A.W.) alimwekea mpaka wa theluthi, akamfahamisha kuwa kuwaacha warithi wakijitosheleza ni bora kuliko kuwaacha wakiombaomba. Ikiwa sadaka yenyewe, pamoja na utukufu wake, imewekewa mpaka kwa ajili ya watoto, ngoma itakosaje kuwekewa?

Na mjomba je?

Mzee akatikisa kichwa, akasema: “Sheikh, haya nayafahamu. Lakini mjomba wake na watu wa upande wa mama wangesemaje?” Hapo alikuwa amegusa donda. Kwa Wamwera, ambao ukoo wao kwa asili huhesabiwa kwa upande wa mama, mjomba ana sauti kubwa katika mambo ya jando na unyago. Baba anaweza kuwa mlipaji wa jambo ambalo hakuliamua peke yake. Kisha kuna kutunzana: uliyetunzwa mwaka jana huna budi kutunza mwaka huu, na aibu ya kushindwa ni kali kuliko njaa.

Hatusemi mila zote ni mbaya. Kumfundisha binti adabu, usafi na heshima ya mwili wake ni jambo ambalo Uislamu umelitangulia. Kumtahiri mtoto wa kiume ni katika maumbile aliyotuamrisha Mtume (S.A.W.). Lakini mafunzo ya binti yanahitaji mwanamke mwenye hekima na siku chache za likizo, na tohara inahitaji mganga mwenye ujuzi na kifaa kisafi. Spika na pikipiki za msafara ni nyongeza zetu. Tulimshauri mzee awaite mjomba na shangazi mapema, kabla ya ufuta kuuzwa, awawekee hesabu mezani na kuwauliza: mtoto huyu tunamtakia siku tatu za shangwe au miaka minne ya shule? Mjomba anayempenda mpwa wake atajibu vizuri akiulizwa kwa heshima na kwa wakati.

Funzo lililo chini ya miguu yetu

Watu wa Nachingwea hawahitaji kwenda mbali kutafuta mfano wa matumizi yasiyotanguliwa na fikra. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianzisha hapa Tanganyika mpango mkubwa wa karanga katika sehemu tatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Matrekta yalinunuliwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikatandikwa kutoka pwani hadi Nachingwea. Lakini udongo na mvua havikupimwa ipasavyo kabla ya fedha kumwagwa. Kule Kongwa ardhi ilikauka ikawa ngumu kama saruji, na mashine zilizonunuliwa zikiwa zimechoka zikaharibika. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, hasara ikiwa imefika takriban pauni milioni 36. Reli ile ilifungwa mwaka 1962 kwa kukosa mzigo wa kutosha.

Dola tajiri ilitumia kwanza, ikauliza baadaye. Tofauti yake na sisi ni kwamba dola ile ilikuwa na hazina ya kubeba hasara. Mzazi wa Ruangwa hana hazina nyingine zaidi ya mikorosho yake.

Mambo ambayo kuyalipia mapema ni kuokoa

Wazazi wenzetu, hekima ya matumizi si kubana mkono. Kuna fedha ambazo mzazi akizizuia leo atazilipa mara tatu kesho, na muda wake pia utapotea. Tunataja machache.

Kwanza, cheti cha kuzaliwa. Mtoto akiandikishwa akiwa mchanga kazi ni nyepesi. Akingoja hadi awe kijana, itakuwa ni nauli za kwenda na kurudi wilayani, barua za watendaji na kutafuta mashahidi. Na kijana anayeomba mkopo wa elimu ya juu hutakiwa cheti chake kiwe kimehakikiwa na RITA. Tumewaona vijana waliofaulu vizuri wakihangaika siku za mwisho kwa karatasi ambayo baba angeichukua miaka 18 nyuma.

Pili, afya. Chanjo za watoto hutolewa bila malipo, na gharama yake ni mwendo wa mama hadi zahanati. Chandarua ni cha kulalia, si cha kufunikia bustani wala kuvulia samaki. Tusisahau pia bima. Mfuko wa afya ya jamii ulipoboreshwa mwaka 2018, kaya ya watu sita ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka, kiasi ambacho wengi wetu tumekitumia kwa kodi ya spika za usiku mmoja. Kila mzazi aulize mpango wa bima uliopo sasa katika kituo chake, ajiunge siku ya mavuno, asingoje siku ya homa.

Tatu, shule. Tangu Januari 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa kidato cha tano na cha sita. Wako waliodhani kuwa mzigo umekwisha. Sare, viatu, madaftari na chakula cha mchana bado ni vyetu. Sare ya kitambaa kizuri yenye pindo refu la kufunguliwa mtoto akikua itadumu miaka miwili, na ile ya bei rahisi itachanika kabla ya Ramadhani. Aidha, ukinunua Novemba fedha ya korosho inapoingia, hukutani na msongamano na bei za Januari.

Nne, shamba lenyewe. Palizi na upuliziaji wa mikorosho vikikosa fedha kwa wakati wake, mzazi amekata mkono unaomlisha. Hata pembejeo zinapotolewa kwa ruzuku, kibarua na bomba vinahitaji akiba.

Tano, mwalimu wa madrasa. Tunamchangia shilingi chache kwa manung'uniko, kisha mtoto akiharibika tunatumia maelfu kwenda polisi na mahakamani.

Njia ya Nabii Yusuf (A.S.)

Mwenyezi Mungu ametusimulia jinsi Nabii Yusuf (A.S.) alivyowaelekeza watu wa Misri kuhifadhi mavuno ya miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya ukame, wakila kidogo na kuyaacha mengine katika mashuke yake. Sisi hatukuambiwa tungoje miaka saba. Tuna miezi ya neema, ya ufuta na ya korosho, na tuna miezi ya ukame, Februari hadi Mei. Fedha ya mnada sasa hupitia benki. Basi siku inapoingia isitolewe yote. Baba na mama wakae pamoja, wakiwa na daftari, waigawe: deni kwanza, kisha chakula cha masika, kisha shule, kisha shamba, kisha afya, na kinachobaki ndicho cha furaha. Furaha nayo ni halali, ila isikae mbele ya foleni.

Na mama asiachwe nje ya hesabu hii. Yeye ndiye ajuaye unga umebaki debe ngapi.

Tunamalizia kwa mzee wetu. Kwa bahati njema mbaazi zake zilikuwa karibu kuvunwa. Imamu wa msikiti ule pamoja na wazee wawili walikwenda naye kwa yule mfanyabiashara, ambaye naye ni Muislamu, wakamweleza hukumu ya kununua maua. Hakufurahi, lakini alisikiliza. Baadaye tulipata salamu kwamba amepokea nusu ya fedha yake na kukubali kuingoja nusu iliyobaki, na kwamba mikorosho 10 imerudi kwa mwenyewe. Mwenyezi Mungu amlipe kheri kwa subira yake, kwani kumpa muda mwenye dhiki ni ibada.

Lakini, ndugu zangu, si kila mzee atakuwa na mbaazi, wala si kila mwenye deni atasikiliza. Tuyazungumze haya majumbani mwetu sasa, msimu haujaingia na hasira hazijapanda. Mtoto hatukumbuki kwa ngoma tuliyompigia. Anatukumbuka kwa mlango tuliomfungulia.

Tunamuomba Mwenyezi Mungu atubarikie mashamba yetu, atupe busara katika matumizi yetu, na awafanye watoto wetu kuwa vitulizo vya macho yetu. Amin.