Mnavu au Managu? Lugha ya Chungu cha Maharagwe, Mboga na Nyama ya Moshi

Utangulizi

Ni jambo la kawaida kumpata mwanafunzi wa Kiswahili anayetaja bahari za ushairi bila kusita, ilhali hawezi kutaja kwa Kiswahili mboga alizolelewa nazo. Hali hii ilimdhihirikia mwandishi wa makala haya alipotoka katikati ya jiji la Nairobi hadi soko la Kangemi, kando ya barabara ya Waiyaki, akaulizia mnavu. Mama muuzaji alimtazama kwa huruma akasema, "Mnavu sina, mwanangu. Chukua managu." Kumbe managu ndiyo mnavu! Makala haya yananuia kueleza mapishi ya maharagwe na mboga za majani kwa nyama ya moshi, na kuonyesha mapishi hayo yanatufunza nini kuhusu majina ya vyakula vyetu.

Asili ya vilivyomo chunguni

Chakula hiki ni maarufu kusini mwa Marekani, lakini mkazi wa Kawangware au Uthiru hatakiona kigeni. Majani yapikwayo huko ni ya spishi moja na sukuma wiki, Brassica oleracea, ambayo asili yake ni Ulaya. Maharagwe ya kawaida yalitoka bara la Amerika. Kunde nazo, ambazo pia hupikwa huko, ni za Afrika. Zilivuka Atlantiki katika enzi ya biashara ya watumwa. Waafrika waliotumikishwa walipewa vipande duni vya nguruwe, nao wakavitumia kuunga chungu kizima. Jina sukuma wiki limezaliwa na hekima iyo hiyo: mboga ya bei nafuu inayomwezesha mtu kuisukuma wiki hadi mwisho.

Namna ya kupika

Andaa nusu kilo ya maharagwe, robo kilo ya nyama ya nguruwe iliyokaushwa kwa moshi (yenye mfupa ni bora zaidi), vitunguu 2, nyanya 2, mafungu 2 ya sukuma wiki na fungu 1 la managu.

Roweka maharagwe usiku kucha, kisha umwage maji hayo. Yateleke katika maji mapya yachemke kwa nguvu kwa angalau dakika 10, kwa maana maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayoondolewa na mchemko huo. Baadaye punguza moto, utie nyama na vitunguu, ufunike kwa muda wa saa moja na nusu hivi. Usitie chumvi mapema, kwani nyama ya moshi huwa nayo. Nyanya pia zisubiri maharagwe yaive, maana uchachu wake huyachelewesha kulainika. Wako wanaotia magadi ili yaive upesi. Yakizidi huharibu vitamini B1.

Maharagwe yakishaiva, tia nyanya na majani yaliyokatwakatwa. Managu, kwa uchungu wake, yachemshwe kando kwanza. Nairobi tumezoea kukaanga sukuma kwa dakika chache. Hapa huachwa kwa dakika 20 au zaidi hadi majani yanywe ladha ya moshi. Mchuzi wake haumwagwi, kwa kuwa umebeba virutubishi vilivyotoka katika majani. Wamarekani huula kwa mkate wa mahindi, nasi tuna ugali.

Msomaji ambaye dini yake haimruhusu kula nguruwe atumie nyama ya ng'ombe ya moshi, au samaki wa moshi, ambaye hutiwa mwishoni asije akavurugika. Kinachotafutwa ni moshi na mafuta kidogo.

Majina yake

Kunde ni neno la Kibantu, nalo hupatikana kwa sura zinazokaribiana katika lugha nyingi za jamii hiyo. Sukuma wiki ni sentensi ya kuamrisha iliyogeuka kuwa nomino. Managu na terere yametoka katika Kikuyu. Kiswahili cha pwani na cha Tanzania husema mnavu na mchicha. Mrenda wa Kangemi ni mlenda wa Tanzania, na saga ni mgagani.

Wataalamu wa kilimo, akiwamo Profesa Mary Abukutsa-Onyango, wametumia miaka mingi kuzirejeshea mboga hizi hadhi yake. Wanaisimu wana deni la kuyarejeshea majina yake hadhi hiyo pia.

Hitimisho

Baadhi yetu huyaona maneno kama managu kuwa makosa ya kusahihishwa. Mwandishi anapinga msimamo huo. Mnavu na managu ni visawe, na vyote viwili vyastahili kuingizwa katika kamusi. Tusipofanya hivyo, Kiswahili sanifu kitabaki darasani huku wasemaji wake wakiagiza mboga kwa maneno mengine. Kila mwanafunzi atakayekwenda likizo na amwulize mama au nyanya yake majina ya mboga za kwao, ayaandike pamoja na namna zinavyopikwa, na ayalete chamani tuyajadili.