Arosto ya heroini: Kwa nini kumfungia teja ndani si tiba

Familia nyingi zikigundua kijana wao anatumia unga, humfungia chumbani mpaka arosto iishe. Nia ni njema, ila ni hatari.

Arosto huanza saa chache baada ya kukosa heroini: mifupa kuuma, jasho, kutapika, kuharisha na kukosa usingizi. Baada ya wiki moja hivi maumivu hupungua, lakini hamu hubaki. Wakati huo mwili umeshapoteza uzoefu wa unga. Akirudia kipimo chake cha zamani, pumzi inaweza kukata na akafa.

Tiba ipo. Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza kutoa methadoni mwaka 2011, na sasa kliniki zipo katika mikoa kadhaa Tanzania. Ni dawa ya maji, mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Kipimo sahihi huzuia arosto kwa saa 24 bila kumlewesha, hivyo anaweza kufanya kazi zake.

Tiba huchukua miezi, hata miaka. Akikatisha ghafla, arosto inarudi. Una ndugu wa hivyo? Usimfiche. Msindikize kliniki.