Mitaro ya Tandale na elimu ya mwanachuo

Mwaka 2011 wanafunzi wa mipango miji wa Chuo Kikuu Ardhi waliingia Tandale, Dar es Salaam, na vifaa vya GPS mkononi. Walitembea na wakazi uchochoro kwa uchochoro, wakichora ramani ya kata ambayo kwenye ramani nyingi za wakati ule ilikuwa kama uwanja mtupu. Mwaka 2015 kazi ya namna hiyo ilipanuka ikawa mradi wa Ramani Huria. Wanafunzi wa Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walishirikiana na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko, na walichokipima kikawekwa kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuitumia na kuirekebisha bila malipo.

Nautaja mradi huu kwa sababu unasaidia kujibu swali ambalo wazazi na wanachuo huniuliza mara kwa mara: shughuli za nje ya darasa, yaani klabu, safari na kazi za kujitolea, zinafundisha kweli au zinakula muda wa kusoma? Zinafundisha, tena mambo ambayo mhadhara hauyafikii. Ila hazifundishi zenyewe. Mwanachuo anaweza kujitolea mwaka mzima akabaki na fulana, picha na cheti cha ushiriki.

Tuuangalie mtaro wa maji ya mvua. Darasani una upana, kina, mteremko na kanuni ya kukokotoa maji yanayopita. Uswahilini mtaro una historia. Umejaa taka kwa sababu gari la taka haliwezi kupenya uchochoroni. Mtu amejenga ukuta juu yake. Kwingine unaishia ghafla kwenye msingi wa nyumba, na maji hayana budi kuingia ndani. Anayeupima hulazimika kuuliza nani aliuchimba na nani anauzibua, na maswali hayo hayamo kwenye kanuni.

Kisha kuna kujua mafuriko yaliyopita yalifika wapi. Kwa hilo chombo bora ni mkazi. Unamkuta mama anaosha vyombo barazani, unamwamkia, “Shikamoo mama,” unaeleza umetoka wapi na unatafuta nini, ndipo unauliza. Atakuonyesha alama ukutani, au atagusa kiuno chake: “Yalifika hapa.” Sasa mwanachuo ana kazi ngumu ya kitaaluma, kubadili “hapa” kuwa sentimita bila kuyapotosha maneno ya aliyemwambia. Kiuno cha nani? Amesimama ndani ya nyumba au uani? Ni mvua za mwaka gani? Katika mazungumzo hayo mafupi anakutana na matatizo ya utafiti ambayo vitabu vya mbinu huyaeleza kwa sura nzima.

Na mkazi naye huuliza. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 kuna familia za mabondeni zilizohamishiwa Mabwepande, na mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba nyingi za Bonde la Msimbazi zilibomolewa. Mtu anayeishi katika jiji lenye kumbukumbu hiyo akimwona kijana na kifaa cha kupimia, ana haki ya kuuliza kama anapimwa ili abomolewe. Mwanachuo asiyejua jibu la swali hilo hajui anafanya nini pale. Kwangu hapo ndipo elimu inapoanza, pale anapogundua kwamba takwimu zake zina watu ndani yake na zinaweza kuwafaa au kuwaumiza.

Mwanafalsafa wa elimu John Dewey aliandika mwaka 1938 kwamba si kila uzoefu unaelimisha, na upo hata unaomrudisha mtu nyuma. Mwaka 1984 David Kolb aliupanga mchakato wa kujifunza kwa uzoefu katika hatua nne zinazozunguka: mtu anatenda, anatafakari alichotenda, anakiunganisha na wazo pana, kisha analijaribu wazo hilo katika kazi nyingine. Watafiti wamemkosoa kwamba akili ya binadamu haifuati hatua kwa mpangilio huo nadhifu, nami nakubali. Hata hivyo mpango wake unaonyesha vizuri tunapokwama. Hatua ya kwanza tunaifanya kwa wingi na kwa bidii. Ya pili na ya tatu tunaziruka.

Dalili yake ni rahisi kuiona. Mwanachuo akirudi kutoka kazi ya kujitolea na kusema amejifunza “kushirikiana na watu,” mara nyingi hajapewa nafasi ya kufikiri. Mwulize ni nani hasa hawakuelewana naye, juu ya jambo gani, na angemwendeaje tena. Majibu yake yatachelewa, na yatakapokuja yatakuwa na kitu ndani.

Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pana mfano wa zamani wa mzunguko uliokamilika. Mwaka 1967 wanafunzi wa huko waliunda USARF, umoja wa wanafunzi wa kimapinduzi ulioongozwa na Yoweri Museveni, wakati huo akiwa mwanafunzi. Hakuna aliyewapa alama kwa kusoma na kujadiliana. Mwaka 1968 baadhi yao walikwenda Msumbiji katika maeneo yaliyokombolewa na FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa nchi hiyo. Museveni akarudi akaandika insha iliyoipima nadharia ya Frantz Fanon juu ya matumizi ya nguvu kwa yale aliyoyaona huko. Mtu anaweza kutofautiana naye kabisa kisiasa na bado akaona kilichotendeka: safari iligeuzwa kuwa hoja, na hoja ikaandikwa ili wengine waipinge. Wenzake walianzisha jarida la Cheche mwaka 1969, na mwaka uliofuata likachapa uchambuzi mrefu wa Issa Shivji, kijana wa sheria, kuhusu matabaka nchini Tanzania. Jarida lilipigwa marufuku mwaka huohuo wa 1970.

Si lazima safari ya kufundisha ivuke mpaka. Kutoka hosteli ya Mabibo hadi Tandale ni karibu sana, na kwa aliyekulia nyuma ya geti huenda ni safari ndefu kuliko ya kwenda Ulaya kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Lakini nauli na chakula ni pesa. Anayeishi kwa bumu, yaani fedha za mkopo wa chuo, peke yake, au anayefanya biashara ndogo ili amsaidie mdogo wake shule, hawezi kujitolea bure kila Jumamosi. Tukiwapa wenye wasifu mnono nafasi za kwanza za kazi bila kuliona hili, tunamlipa mtu kwa kuzaliwa penye nafasi.

Nina wasiwasi zaidi na ziara za siku moja katika vituo vya kulelea watoto: zawadi, michezo, picha nyingi, kwaheri. Mtoto aliyekwisha kuachwa hahitaji mfululizo wa wageni wanaompenda kwa saa tatu. Klabu inayotaka kuwasaidia watoto hao ichague jambo moja, kwa mfano hesabu za darasa la nne, ipeleke watu walewale kila wiki kwa mwaka mzima, na simu zibaki mfukoni.

Vyuo havihitaji fedha nyingi kuyarekebisha haya. Idara itenge saa moja kila wiki mbili katika kipindi cha mafunzo kwa vitendo, na mwalimu akae na wanachuo wasiozidi 10. Kila mmoja aeleze jambo moja lililokwenda kinyume na alivyotarajia na ni somo gani la darasani linalolieleza au linaloshindwa kulieleza. Ripoti ya mwisho isomwe pia kwa Kiswahili mbele ya serikali ya mtaa ambako kazi ilifanyika, wakazi wakiwa na ruhusa ya kusahihisha, na masahihisho yao yahesabiwe katika alama.